Maji ya Phatswane

Kimberley, 3 Machi 1894

Dada yangu Kelebonye,

Usinilie matanga, bado ni mzima. Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa nahama kazi. Shimoni kwenye almasi sishuki tena. Mdogo wako sasa ni karani na mkalimani wa Kampuni ya Njia ya Kaskazini, anakalia kiti, na anavaa kola ngumu inayomkata shingo. Mama akiniona atadhani nimekamatwa.

Ofisini kuna ramani iliyofunika ukuta mzima. Imeanzia Cape Town chini kabisa, ikaishia Kairo karibu na dari, na katikati wamechora reli kwa wino mwekundu. Huku kusini mstari umekolea, maana reli ipo kweli. Ukipita Mafikeng unageuka kuwa nukta nukta. Kila asubuhi mkubwa wangu, Bwana Ellwood, anasimama mbele ya zile nukta na kikombe chake cha chai, anazitazama kama mtu anayehesabu ng'ombe wake wakitoka zizini. Wanakuja wakubwa wa serikali, wanakuja wauza chuma kutoka Uingereza, juzi alikuja Mjerumani mwenye kovu shavuni, na wote wanauliza nukta zitaungana lini. Wanachekeana sana, lakini wanaogopana. Kila mmoja anaamini mwenzake atamtangulia.

Niliitafuta Majwaneng kwenye ramani hiyo. Haimo. Pale inapotakiwa kuwa pameachwa karatasi tupu, kana kwamba sisi sote tulizaliwa hewani. Iliniuma, sikufichi.

Basi nina ombi dogo. Nikiwa peke yangu huwa najaribu kuvitaja visima vya kwetu kimoja kimoja, kuanzia mjini kwenda kaskazini, kama Baba alivyokuwa akitukaririsha, na vingine vinanipotea. Niandikie vyote kwa mpangilio wake, na umbali wa kila kimoja. Nitafurahi kuwa navyo hapa.

Msalimie Mama.

Ndugu yako,
Lesetedi


Majwaneng, 22 Machi 1894

Mdogo wangu,

Barua yako nimemsomea Mama mara tatu. Kuhusu kola amesema uivue wakati wa kula. Mimi nasema mtu aliyesahau njia ya maji ya kwao arudi achunge ndama na watoto wenzake, labda akili itamrudia.

Haya, sikiliza. Ukitoka mjini kwenda kaskazini, nusu siku kwa gari la maksai unafika Ramotsho. Hicho ni cha masika tu, mwezi wa tisa kimekauka. Siku nzima tena unafika Tsokwe, au tuseme Kisima cha Pua, maana ndipo ulipodondoka ukaivunja pua yako ukimkimbia kondoo dume, na Baba akatukataza tusiseme. Mpaka leo Mama anaamini ulipigana. Sasa Baba hayupo, jina hilo tumebaki nalo wewe na mimi. Maji ya Tsokwe yana chumvi kidogo, lakini mwaka mzima yapo. Siku na nusu mbele ndipo Tlapana.

Tlapana ni chako, mimi nakutunzia tu. Baba na ndugu zake walikichimba miaka miwili ndani ya mwamba. Walikuwa wakilipasha jiwe moto na kulimwagia maji lipasuke, na maji yenyewe wanayabeba kutoka Tsokwe mgongoni. Baba mdogo aliteleza kwenye ngazi ya nne akafia humo humo. Ngazi hiyo bado imelegea. Kila anayeshuka tunamwambia airuke, awe ndugu au mpita njia.

Nimekujibu kwa urefu kwa sababu umeuliza maji. Unakumbuka Baba alivyotulea: mtu akikuuliza maji, hata akiwa adui yako, unamwambia kweli. Aliyewadanganya wale wachuuzi wa chumvi juu ya maji alinyang'anywa ng'ombe wote na baraza likamfukuza, na hata jina lake halitajwi hapa.

Kgosi Pheko bado ananiita nimwandikie barua zake za utawala, hataki tena zipite kwa mmisionari. Mwezi huu imekuja moja kutoka kwa hiyo Kampuni yako. Wanaomba kipande chembamba cha ardhi wapitishe reli. Wanaume wamekaa barazani siku tatu. Mwishowe Kgosi akauliza: "Kitu kinachopita kinahitaji ruhusa. Kwa nini hawa wanaandika kwamba wanataka ardhi?" Wewe uliye huko unajibu nini?

Dada yako,
Kelebonye


Kimberley, 20 Aprili 1894

Dada,

Nimekucheka na kulia kwa pamoja. Pua bado imepinda, asante kwa kunikumbusha. Aliyeleta barua hii ana kifurushi: chai ya Mama, na shali yako ya rangi ya divai. Usimgawie mtu.

Wiki iliyopita kulikuwa na karamu. Alikuja mkubwa mmoja wa serikali kutoka Cape Town na wenye hisa wanne, nami nilisimama nyuma ya kiti cha Bwana Ellwood, nitafsiri ikihitajika. Haikuhitajika. Walikunywa kwa kumtakia heri Malkia, wakanywa kwa kuitakia heri Kairo, kisha wakaanza kupanga vijiko mezani. Kijiko kimoja ni Wajerumani wanaotoka magharibi, kingine ni Makaburu wa mashariki. Vikikutana, mlango wa kaskazini umefungwa na Kampuni imekwisha. Kwa hiyo lazima mlango ushikwe mapema. Mahali vijiko vilipokutana, Dada, palikuwa kwetu, na wakaweka hapo kidau cha chumvi. Hakuna aliyeuliza mlango huo ni wa nani.

Swali la Kgosi ni zito. Nitalijibu nikipata nafasi.

Jambo jingine dogo. Nabishana na karani mwenzangu, Mzulu, anayedai kwetu hakuna kisima cha kunywesha ng'ombe hamsini mwezi wa Oktoba. Tlapana kwenye joto kali kabisa kinanywesha wangapi, na maji yanashuka kiasi gani? Nataka kumfunga mdomo.

Lesetedi


Majwaneng, 12 Mei 1894

Mdogo wangu,

Mwambie huyo Mzulu mia nne. Mia nne kila siku, Oktoba, mwaka ule wa njaa, na maji hayakushuka chini ya ngazi ya tatu. Bila Tlapana tungekuwa tumeshazika ukoo mzima, ng'ombe na watu. Mfunge mdomo vizuri.

Shali nimeivaa kanisani. Wake za wazee wameniangalia kama nimeiba.

Kgosi ameitwa Cape Town kuonana na serikali juu ya reli. Anaondoka wiki ijayo na wazee wawili. Anasema kukataa kwa barua hakusikiki, anakwenda kukataa kwa mdomo wake. Mimi nimeachiwa muhuri wake na barua zake.

Swali lake hukulijibu.

Kelebonye


Majwaneng, 9 Julai 1894

Lesetedi,

Wamekuja Wazungu watano wenye darubini ya miguu mitatu, mnyororo wa kupimia ardhi, na mapipa sita ya maji. Tuliwapa maji na uji wa mtama kabla ya kuwauliza lolote. Walipokwisha kula, mkubwa wao akatoa karatasi mbele ya baraza na kuuliza ni nani atakayewaonyesha Kisima cha Pua.

Wazee wakatazamana. Hakuna aliyewahi kulisikia jina hilo. Mmoja akasema labda ni kisima cha kwenye ngano za kale, watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kwa Kgosi na kibuyu cha maziwa mikononi. Nilikikumbatia kisianguke.

Nikasema, "Ni Tsokwe." Wakaniuliza nimejuaje. Nikaingia ndani kuyaweka maziwa.

Sasa wamepigilia vigingi vyenye vichwa vyekundu. Ramotsho hawakupigilia hata kimoja, maana karatasi yao inajua kinakauka mwezi wa tisa. Tsokwe vinne. Tlapana vimezunguka kisima chote, kumi na viwili, na kimoja kiko juu ya kaburi la baba mdogo. Mchunga ng'ombe wangu alipoking'oa, walikipigilia tena na kumtishia bunduki.

Uliniambia umekumbuka nyumbani. Nilikuandikia kama mtu anayemwekea mdogo wake chakula pembeni. Kumbe ulikuwa unanipima kwa mnyororo.

Usiniandikie mpaka uwe na la kusema.

K.


Kimberley, 8 Agosti 1894

Dada Kelebonye,

Sina utetezi mzuri, nina mbaya tu, nao ndio huu. Barua ya kwanza nusu yake ilikuwa kweli. Nilikuwa na upweke. Lakini kabla sijaiandika, Bwana Ellwood alikuwa ameuliza ofisini ni nani anayejua maji ya kaskazini, na mimi nikajigamba kwamba dada yangu anayajua kuliko mtu yeyote. Tangu siku hiyo kiti changu kikasogezwa dirishani. Nilikipenda kile kiti. Naona aibu kuliandika hilo, lakini ndilo.

Sasa nikwambie nilichokuficha. Garimoshi linakunywa kuliko zizi la Kgosi. Kila baada ya maili kadhaa lazima likute maji, kwa hiyo reli haifuati ardhi, inafuata visima. Tlapana kimeandikwa kuwa kituo. Ardhi maili moja kila upande itawekwa ua, na ng'ombe hawatakaribia. Swali la Kgosi limejibiwa hapo. Na barua imeshakwenda London kusema Kgosi amekubali, wakati Kgosi mwenyewe bado alikuwa njiani. Niliinakili kwa mkono wangu.

Niligombana na Bwana Ellwood. Mara yangu ya kwanza kumpazia mtu mweupe sauti. Hakunifukuza, alinisikiliza, kisha akasema: "Nionyeshe maji mengine, nami nitakuachia kisima cha baba yako." Ramani haitafungwa hadi mwisho wa Oktoba. Nukta bado zinaweza kusogezwa.

Kama kuna maji mengine, mashariki au magharibi, niambie. Najua sistahili kukuuliza. Safari hii nauliza kwa ajili yetu.

Lesetedi


Majwaneng, 2 Septemba 1894

Mdogo wangu,

Yaliyopita yamepita. Mama anakusalimu, anauliza kama unakula.

Maji yapo. Ukitoka Tlapana uelekee machweo, siku mbili kwa gari jepesi, unakuta bonde jeupe linaloitwa Phatswane. Upande wake wa pili kuna miti mitatu ya miiba iliyosimama pamoja, na chini yake kisima. Wasarwa, wale wawindaji wa jangwani, walimwonyesha Baba mwaka wa njaa. Maji yake ni matamu kuliko ya Tlapana na hayashuki hata Oktoba. Wewe ulikuwa mdogo, ndiyo maana hukutajiwa.

Waambie wasogeze nukta zao huko.

Dada yako,
Kelebonye


Majwaneng, 2 Septemba 1894

Kwa Kgosi wangu Pheko, Cape Town,

Mvua bado. Watu ni wazima, ng'ombe wamekonda. Mkeo mdogo amejifungua mtoto wa kike.

Kgosi, nimefanya jambo, na sitaki ulisikie kwa mwingine. Mdogo wangu aliyeko kwenye Kampuni ameniuliza kama kuna maji mengine, ili reli iiache Tlapana. Nimemwambia Phatswane. Unapajua Phatswane. Ni chumvi na upepo, hata swala hawakai. Nimesema uongo juu ya maji.

Simwamini tena. Akiniambia leo kumekucha, nitatoka nje kuhakikisha. Nimefikiri hivi: watatuma watu wao, watakuta chumvi, watarudi na kiu na hasira, na mwezi mzima utakuwa umepotea. Wewe utakuwa umeshasema yako huko, na huenda serikali imekusikia. Hawatadhurika. Wapimaji waliokuja hapa walikuwa na mapipa sita.

Barua ile nimeshampa mjumbe. Niambie nimefanya vibaya au vizuri.

Kelebonye binti Ntsimane


Cape Town, 24 Septemba 1894
(kwa mkono wa mhubiri Msotho aliye hapa)

Mwanangu Kelebonye,

Barua yako imenikuta nimekaa kwenye kiti cha kamba, nasubiri. Hapa kazi yangu ni kusubiri. Wamenipa chai miezi mitatu. Mkubwa wao ni mtu mpole sana. Nikimwambia sikubali, anasema amefurahi kunisikia, kisha ananionyesha picha ya mji wa Kairo. Nilimwuliza watu wa Kairo wanatutakia nini. Alidhani ni mzaha.

Nadhani nukta za reli kwenye ramani yao ziliunganishwa kabla sijazaliwa, binti yangu. Hilo ni langu, niachie mimi.

Lako ni hili. Uongo ule ufute leo hii. Andika tena, useme Phatswane hakuna maji. Umehesabu mapipa ya safari iliyopita, hukuhesabu ya safari ijayo. Kisima tukinyang'anywa tutachimba kingine, mikono tunayo. Lakini siku itakapojulikana kwamba Majwaneng wanadanganya watu juu ya maji, hatutakuwa na la kujitetea mbele ya mtu yeyote.

Baraza litakusikiliza nikirudi.

Pheko


Mafikeng, 25 Septemba 1894

Dada yangu,

Kaa chini kwanza. Tumeshinda!

Bwana Ellwood hakutaka. Alisema mchanga wa magharibi ni kaburi, na kwamba mtu aliyekasirika anaweza kuandika lolote. Nilicheka mbele yake. Nikamwambia: "Bwana, watu wa kwetu wanaweza kukudanganya juu ya ng'ombe, juu ya mke, hata juu ya Mungu. Juu ya maji hakuna anayesema uongo." Nikamhadithia yule mtu wa wachuuzi wa chumvi. Nikamwambia anaweza kunikata mshahara wa mwaka mzima kama Phatswane hakuna kisima. Mwishowe akakubali kwenda kupaona kwa macho yake, na mimi ndiye kiongozi wa njia.

Tunakwenda wanne: yeye, mimi, na waendesha gari wawili kutoka hapa Mafikeng. Ili tuwahi tumechukua gari dogo la farasi, na maji ya siku mbili tu. Yeye alitaka mapipa manne, mimi nikasema uzito wa nini wakati tunakwenda kwenye maji? Majwaneng hatutapita. Tutaizunguka mashariki na kuingia Tlapana kutoka juu, maana sina uso wa kuwatazama wazee kabla sijawa na kitu mkononi. Tukirudi kutoka Phatswane na ramani mpya, hapo nitakuja nyumbani, nitapiga magoti mbele yako na mbele ya Mama, na nitakwenda kwa mikono yangu kung'oa kile kigingi kwenye kaburi la baba mdogo.

Ulipoandika "yaliyopita yamepita" nilitoka nje ya ofisi nikalia kama mtoto. Sikustahili.

Kwa hesabu yangu tarehe kumi na mbili tutakuwa Phatswane. Mwambie Mama agandishe maziwa mengi ya madila. Nitakula bila kola.

Mdogo wako mwenye pua iliyopinda,
Lesetedi


Majwaneng, 13 Oktoba 1894
(kwa mkono wa wapanda farasi, apewe Lesetedi popote atakapokutwa)

Lesetedi,

Barua yako na ya Kgosi zimefika leo asubuhi kwenye mfuko mmoja. Gari la posta lilivunjika gurudumu huko Kanye, likakaa siku tisa.

Phatswane hakuna maji. Hakuna kisima, hakuna miti mitatu. Nilikudanganya. Wasarwa hawakumwonyesha Baba kitu. Rudi Tlapana kwa njia ile ile mliyojia, msitafute, msichimbe, msingoje. Nimewatuma watu sita wenye farasi kumi na mbili na viriba vyote vilivyopatikana mjini. Ukiwaona kunywa kidogo kidogo.

Nichukie ukiwa mzima. Nakuomba.

Kelebonye


(Nyuma ya barua ya tarehe 2 Septemba, kwa penseli)

Phatswane, 12 Oktoba

Dada,

Tumefika bondeni. Ni chumvi tu. Farasi mmoja amekufa na wawili wamekata kamba. Upande wa pili hatuioni miti mitatu. Bwana Ellwood anasema umetudanganya. Nimemwambia asirudie neno hilo mbele yangu.

Nadhani kosa ni langu, nimekosea bonde. Kuna jingine jeupe naliona mbali zaidi kuelekea machweo, bila shaka ndilo ulilosema. Hawa hawawezi kutembea. Nimewaachia maji yaliyobaki, wakae chini ya gari wasitoke. Mimi natangulia kwa miguu kutafuta miti. Nikipata kisima nitarudi na maji.

Namwachia Ellwood karatasi hii, kama nitachelewa.

Lesetedi


Majwaneng, 20 Desemba 1894

Kwa Bwana Ellwood, Kampuni ya Njia ya Kaskazini, Kimberley

Bwana,

Barua yako imefika, pamoja na kola ya ndugu yangu na vitabu vyake. Unanishukuru kwa wapanda farasi waliokukuteni chini ya gari. Usinishukuru. Yeye walimkuta maili kumi na nne mbele yenu, na nyayo zake zilikuwa bado zinakwenda machweo. Hakugeuka hata mara moja.

Unauliza kwa upole kama kisima cha Phatswane kilikauka mwaka huu. Phatswane hakujawahi kuwa na kisima. Nilijua hivyo nilipoandika.

Kgosi amerudi na baraza limekaa. Kwetu aliyesema uongo juu ya maji ananyang'anywa ng'ombe wote na kuondoka mjini. Wangu wameshachukuliwa. Ninaondoka kesho kutwa. Mama hazungumzi nami. Kgosi aliniuliza kama nina la kusema, nikasema sina, akafuta macho mbele ya watu.

Unauliza tena ni wapi kati ya Majwaneng na kaskazini penye maji ya mwaka mzima ya kutosha injini zenu. Umeniuliza maji, nami nakujibu. Ni Tlapana. Siku na nusu kutoka Tsokwe, ndani ya mwamba. Yananywesha ng'ombe mia nne mwezi wa Oktoba bila kushuka chini ya ngazi ya tatu. Kilikuwa kisima cha Lesetedi mwana wa Ntsimane, alichoachiwa na baba yake. Mwenyewe hayupo, na sasa hakuna mifugo ya nyumba yetu inayokunywa pale. Vigingi vyenu viko kama mlivyoviacha.

Ngazi ya nne imelegea. Waambie watu wako wairuke.

Kelebonye binti Ntsimane